Udongo hupimwa kabla haujachimbwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha ujenzi

Kisa hiki kinahusu udongo uliopakiwa kwenye malori kabla mtu yeyote hajauliza ni udongo wa namna gani. Majina ya watu, kampuni na mahali yameondolewa, na baadhi ya namba zimekadirishwa ili mradi usitambulike. Mpangilio wa matukio umebaki kama ulivyokuwa. Niliingia nikiwa mshauri wa mazingira baada ya kazi kusimamishwa, kwa hiyo maelezo ya mwanzo yanatokana na kumbukumbu za kila siku za eneo la ujenzi, picha za simu za wafanyakazi na mazungumzo na waliokuwapo.

Nawaandikia wahandisi, wasimamizi wa ujenzi na wakadiriaji majenzi. Wao ndio huamua udongo uende wapi, na mara nyingi huamua mapema sana kuliko mtaalamu wa mazingira anavyofika.

Usuli

Mradi ulikuwa jengo la ofisi lenye ghorofa mbili chini ya ardhi. Eneo la kuchimbwa lilikuwa na mita za mraba 1,400 hivi, kwa kina cha mita 6. Juu palikuwa na tabaka la kifusi cha kujazia, unene wake mita 1.5: matofali yaliyovunjika, majivu, vipande vya zege na mchanga, vyote vimemwagwa hapo kwa nyakati tofauti. Chini ya kifusi ulianza mfinyanzi wa asili, na maji ya ardhini yalikuwa kwenye kina cha mita 4.5.

Historia ya kiwanja haikuwa siri. Kwa miaka mingi palikuwa na gereji ya magari na ghala la mafuta lenye matangi mawili chini ya ardhi. Kabla ya hapo, ramani ya zamani ilionyesha karakana ya kuyeyusha vyuma. Mtu akiziona taarifa hizo mbili pamoja anapaswa kufikiria petroli, dizeli, mafuta machafu ya injini na madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliuzwa duniani kwa miongo mingi, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021 tu. Ghala la mafuta la zamani linaweza kuwa limeacha risasi na mafuta mahali pamoja.

Uchunguzi wa ardhi uliofanywa kabla ya ujenzi ulikuwa wa kupima uwezo wa udongo kubeba jengo. Yalitobolewa mashimo manne, karibu na mahali ambapo nguzo nzito zingesimama, na hakuna hata moja lililokuwa karibu na matangi. Katika kumbukumbu ya shimo moja fundi wa kutoboa aliandika kwamba alisikia harufu kidogo ya mafuta kwenye kina cha mita 2. Maneno hayo yalibaki kwenye kiambatisho. Hayakufika kwenye muhtasari wa ripoti, na muhtasari ndio uliosomwa na aliyeandaa mkataba.

Mkataba nao ulikuwa na bei moja kwa kila mita ya ujazo ya "kuchimba na kuondoa udongo". Haukuwa na bei ya udongo uliochafuka, wala kifungu cha kusema nani asimame, nani apime na nani alipe pale utakapopatikana.

Kilichotokea

Uchimbaji ulianza upande wa magharibi. Mwanzoni kifusi kilitoka kikavu, cha rangi ya kahawia, kikapakiwa na kuondoka. Mkandarasi mdogo wa usafirishaji alikuwa amepata mahali pa kumwaga: kiwanja cha mtu aliyekuwa akijaza bonde dogo ili ajenge nyumba. Mwenye kiwanja aliambiwa kuwa anapata udongo safi wa msingi. Hakupewa karatasi yoyote, na hakuomba.

Ekskaveta ilipokaribia katikati ya eneo na kugusa mfinyanzi chini ya kifusi, kijiko kiliibuka na udongo wa kijivu uliokoza wenye ukijani ndani yake. Mita chache tu pembeni, mfinyanzi uleule ulikuwa wa rangi ya kutu. Rangi ya namna hiyo ina sababu yake. Bakteria wanaokula mafuta ardhini humaliza oksijeni, kisha huanza kutumia chuma kilichomo kwenye udongo. Chuma kikibadilika hali, wekundu hupotea. Kwenye mikwaruzo iliyoachwa na meno ya kijiko maji yalikuwa yanajikusanya polepole, na juu yake utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua. Dereva alizima mashine, akamwita msimamizi wa zamu: "Mkuu, hapa pananuka petroli."

Msimamizi hakupuuza. Aliagiza udongo ule uwekwe pembeni. Lakini hapakuwa na mahali palipotengwa, kwa hiyo "pembeni" ikawa ni kwenye lundo lilelile la kifusi lililokuwa likisubiri malori. Ekskaveta ikahamia upande mwingine, ikachimba kifusi chenye majivu meusi, nacho kikawekwa juu ya lundo hilo. Jioni lundo lilikuwa na udongo kutoka angalau sehemu tatu zisizofanana, umegeuzwageuzwa na kijiko, na hakuna aliyeweza tena kusema kipi kilitoka wapi.

Siku iliyofuata mkandarasi mkuu aliagiza kipimo. Kijana wa stoo alichukua konzi za udongo kutoka sehemu tano za uso wa lundo, akazichanganya kwenye ndoo, akajaza mfuko wa plastiki na kuupeleka maabara. Majibu yalisema: mafuta ya petroli miligramu 640 kwa kilo, risasi miligramu 180 kwa kilo, na benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli ambayo hugeuka mvuke kirahisi, haikuonekana. Kipimo cha mvujo, yaani kiasi cha risasi kinachotoka udongo ukitikiswa ndani ya maji, kilikuwa chini ya kikomo. Mkandarasi mdogo alisoma karatasi hiyo akahitimisha kwamba udongo si taka hatarishi. Malori yakaendelea. Jumla ya malori 22, yenye kama mita za ujazo 220 za udongo uliokwisha kuvimba baada ya kuchimbwa, yalikuwa yamekwenda kwenye kiwanja kile.

Kazi ilisimama kwa sababu nyingine kabisa. Kibarua mmoja aliyekuwa akiokota nondo kuukuu kwenye lundo aliokota kipande cha bati la saruji, ukubwa wa kiganja, chenye nyuzinyuzi nyeupe zilizochomoza kwenye ukingo uliovunjika. Ofisa usalama alikitambua kuwa huenda ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, akafunga eneo. Naona umuhimu wa kusema kwamba ofisa huyo alikuwa mgeni kazini, na alishinikizwa aache kazi iendelee mpaka majibu yatoke. Alikataa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosimamisha mradi mzima. Tulifunga eneo la matangi, eneo la majivu na lundo, lakini tukaruhusu kazi ya kuta za kuzuia udongo iendelee upande wa mashariki, ambako hapakuwa na dalili. Msimamizi anayeambiwa asimamishe kila kitu hutafuta njia ya kupunguza tatizo kwa maneno. Anayebaki na kazi ya kufanya huwa na subira ya kusubiri vipimo.

Uamuzi wa pili ulihusu malori yaliyokwisha kuondoka. Siku hiyohiyo mwenye mradi aliiarifu mamlaka ya mazingira, na mwenye kiwanja akaambiwa ana kwa ana. Wapo waliotaka kusubiri majibu ya maabara kwanza ili "wasizue hofu". Hoja iliyoshinda ilikuwa ya mtambo: tingatinga lilikuwa limeshafika kwenye kiwanja kile kutandaza udongo, na udongo ulio kwenye vichuguu unaondolewa kwa saa chache, ilhali uliotandazwa na kushindiliwa unaondoka pamoja na ardhi ya chini yake. Sababu ya msingi zaidi ni kwamba yule mtu alikuwa anajenga nyumba ya kuishi. Alipokea uchafu ambao hakuwa na njia yoyote ya kuutambua, na kila siku ya kukaa kimya ingekuwa inamwongezea hatari bila ridhaa yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataa majibu ya ile ndoo. Majibu yenyewe hayakuwa ya uongo. Maabara ilipima ilichopewa. Ila yalikuwa na kasoro tatu ambazo kila mmoja anayesoma karatasi ya maabara anapaswa kuziona.

Kwanza, sampuli changanyiko hutoa wastani, na wastani wa udongo safi mwingi na udongo mchafu kidogo huonekana wa kawaida. Pili, benzini huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi na huanza kuondoka mapema zaidi hata kwenye hewa ya kawaida. Ukiikoroga ndani ya ndoo iliyo wazi na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki, unaifukuza kabla haijafika maabara. Sampuli ya kutafutia mvuke huchukuliwa bila kuvuruga udongo, hutiwa mara moja kwenye chupa ya kioo iliyojazwa na kufungwa vizuri, na husafirishwa katika baridi ya nyuzi 4 hivi. Tatu, hakuna aliyeiambia maabara itafute asbesto, na maabara haitafuti isichoagizwa.

Kasoro ya nne ilikuwa ya tafsiri, na nimeiona kwenye miradi mingi kiasi cha kutaka kukaa nayo kidogo. Kipimo cha mvujo kilitumiwa kujibu swali ambalo hakikuwa chake. Kuna maswali mawili: udongo huu ni taka hatarishi au sivyo? Na je, dampo fulani linaruhusiwa kuupokea? Katika Umoja wa Ulaya swali la kwanza hujibiwa kwa kuangalia kiasi chote cha kemikali kilichomo ndani ya udongo. Kipimo cha mvujo huja baadaye, kwa ajili ya dampo. Udongo unaokwenda kwenye dampo la taka zisizobadilika, yaani zisizooza wala kuyeyuka, kwa mfano, hauruhusiwi kuzidi miligramu 500 za mafuta ya madini kwa kilo, wala kuachia zaidi ya miligramu 0.5 za risasi kwa kilo kwenye maji ya kipimo. Marekani hufuata njia tofauti: huko kipimo cha mvujo chenyewe kinaweza kuufanya udongo uwe taka hatarishi, na kwa risasi kikomo ni miligramu 5 kwa lita. Kwa kuwa kipimo hicho cha Marekani hutumia maji yenye asidi kidogo ambayo uzito wake ni mara 20 ya udongo, udongo wenye risasi chini ya miligramu 100 kwa kilo hauwezi kufeli hata risasi yote ikitoka. Hesabu hiyo ni msaada mkubwa kwa anayetaka kuokoa gharama za maabara, lakini ni mtego kwa anayeibeba na kuipeleka mahali penye sheria nyingine. Sheria ya mahali pa kisa hiki ilifuata njia ya kiasi chote kilichomo. Mkandarasi mdogo alikuwa amesoma mwongozo wa kwingine.

Uamuzi wa nne, ambao ndio uliobadilisha mradi, ulikuwa kupima kifusi kilichobaki kikiwa bado ardhini. Tuligawa eneo lililobaki katika vitalu vya mita 10 kwa 10, na kila kitalu matabaka mawili ya sentimita 75, tukapata vitalu 20 vya kifusi. Kila kimoja kilichimbwa mashimo madogo ya majaribio. Harufu na rangi viliandikwa, mvuke ukapimwa kwa kifaa cha mkononi, risasi ikapimwa kwa kifaa cha eksirei cha mkononi, kisha sampuli zikaenda maabara. Vifaa vya mkononi havikutumiwa kutoa hukumu. Kile cha mvuke hakioni metali kabisa na hukosa sehemu kubwa ya mafuta mazito. Kile cha eksirei husoma chini udongo ukiwa umelowa. Kazi ya vifaa hivyo ilikuwa kutuonyesha mahali pa kuchukulia sampuli.

Mpaka wa kila kitalu uliwekewa vigingi na rangi, na dereva wa ekskaveta akapewa ramani yenye rangi zilezile. Namtaja dereva kwa makusudi. Ndiye aliyeugundua uchafuzi, na tulimpa mamlaka ya kusimama wakati wowote rangi au harufu ikibadilika ndani ya kitalu, bila kuomba ruhusa.

Mambo mengine yaliamuliwa haraka. Lundo lilihamishiwa juu ya karatasi nzito ya plastiki iliyokunjwa pembezoni ili kuzuia maji, likafunikwa turubai. Magurudumu ya malori yalioshwa kabla ya kutoka. Wafanyakazi waliokuwa wakifanya kazi karibu na matangi wakiwa wamevaa barakoa za vumbi walipewa zenye kichujio cha mkaa, kwa sababu barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Maji yaliyokuwa yakivutwa na pampu kwenda mtaro wa mvua yalielekezwa kwenye tangi la kutuliza tope, kitenganisha mafuta na kichujio cha mkaa, na kupimwa kabla ya kuachiliwa.

Matokeo

Kati ya vitalu 20 vilivyopimwa ardhini, 9 vilifaa kutumika tena au kwenda mahali pa udongo usio na madhara, 7 vilikuwa vimechafuka bila kufikia kiwango cha taka hatarishi, na 4 vilikuwa taka hatarishi: vitatu kuzunguka matangi kwa sababu ya mafuta, na kimoja cha majivu chenye risasi zaidi ya miligramu 4,000 kwa kilo. Matangi yenyewe yalikuwepo bado. Nyaraka zilisema yaliondolewa. Moja lilikuwa limejazwa mchanga na jingine lilikuwa na tope la mafuta chini.

Lundo lilikuwa na majaaliwa mengine. Tulilipima kwa mafungu ya mita za ujazo 50. Risasi ilikuwa kati ya miligramu 40 na 2,900 kwa kilo bila mpangilio wowote, na vipande vya asbesto vilipatikana katika mafungu mengi. Katika Umoja wa Ulaya, asbesto ikifika asilimia 0.1 ya uzito, yaani gramu 1 katika kilo moja, udongo ni taka hatarishi, na sheria ya mahali pale ilikuwa na kikomo kinacholingana na hicho. Hatukuweza kuonyesha kwamba sehemu yoyote ya lundo ilikuwa salama kwa uhakika unaotosha kuitetea mbele ya mamlaka. Mita za ujazo 650 zote zilikwenda kama taka hatarishi.

Kilichokuwa ardhini na kilichokuwa kwenye lundo kilikuwa kifusi kilekile. Ardhini, kitalu kimoja kati ya vitano kilikuwa taka hatarishi. Kwenye lundo ilikuwa kila kitu.

Udongo uliokuwa umepelekwa kwenye kiwanja cha nyumba ulirudishwa wote. Sehemu iliyokuwa kwenye vichuguu iliondolewa pamoja na sentimita 20 za ardhi ya chini yake. Sehemu iliyokwisha kutandazwa ilibidi ichimbwe zaidi, na vipande vya asbesto vikaokotwa kwa mkono na watu wenye leseni huku udongo ukinyunyiziwa maji usitoe vumbi. Baada ya sampuli za uthibitisho kutoka safi, mwenye kiwanja alipewa udongo wa asili uliopimwa, na ripoti yake mwenyewe, kwa jina lake.

Ratiba ya mradi ilisogea kwa wiki kadhaa, na mzozo wa nani alipe ulichukua muda mrefu kuliko uchimbaji wenyewe.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kupima ardhini kulifanikiwa kwa sababu ardhi bado ilikuwa na taarifa zake. Ukiona mafuta kwenye kitalu cha tangi na majivu kwenye kitalu cha karakana, unaelewa chanzo, na ukielewa chanzo unaweza kutabiri mpaka. Kijiko cha kwanza kinapochanganya viwili hivyo, taarifa hiyo hufutika, na hakuna idadi ya sampuli itakayoirudisha.

Faida ya pili ilihusu tiba, na haizungumzwi vya kutosha. Udongo wa mafuta unaweza kusafishwa na bakteria: unalundikwa juu ya sakafu isiyovuja, unapitishiwa hewa, unaongezewa unyevu na virutubisho, na baada ya muda mafuta hupungua. Ule wa vitalu vya matangi ulikwenda kwenye kituo chenye leseni cha namna hiyo, ingawa ilibidi uchanganywe na vipande vya mbao kwa kuwa mfinyanzi haupitishi hewa. Risasi ni elementi. Hakuna bakteria wa kuimaliza. Kinachowezekana ni kuifunga isitoke na maji, au kuifukia mahali palipozibwa. Asbesto nayo ina njia yake ya tatu. Kila uchafu ukikaa peke yake una mlango wake. Ukiuchanganya, kituo cha bakteria kinaukataa kwa sababu ya risasi, kiwanda cha kufunga risasi kinalalamikia mafuta, na wote wawili hawataki asbesto. Hicho ndicho kilichotokea kwa lundo: hapakuwa na tiba iliyobaki, palibaki dampo la gharama kubwa tu.

Iko pia hatari ya kuchanganya kwa makusudi. Mtu mmoja kwenye kikao alipendekeza vitalu vya majivu vikorogwe na mfinyanzi safi mpaka risasi ishuke chini ya kikomo. Umoja wa Ulaya umekataza jambo hilo waziwazi katika agizo lake la madampo la mwaka 1999, na nchi nyingine nyingi zina katazo kama hilo. Hata pasipo katazo, kiasi cha risasi hakipungui hata gramu moja. Kinachoongezeka ni udongo wenye risasi.

Kumwarifu mwenye kiwanja mapema kulipunguza kazi ya kurudisha udongo, na kulimfanya akubali kushirikiana badala ya kwenda mahakamani siku ya kwanza. Mamlaka nayo ilikubali kazi iendelee upande wa mashariki kwa sababu taarifa ilitoka kwa mwenye mradi mwenyewe.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kushindwa kwa kwanza kulitokea kwenye meza, kabla ya mashine yoyote kufika. Sentensi ya fundi wa kutoboa kuhusu harufu ilitosha kubadilisha mkataba, kama ingesomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza. Uchimbaji una tabia ya kuamsha kilichotulia. Huko Love Canal, Marekani, tani zipatazo 21,000 za taka za kemikali zilifukiwa chini ya kifuniko cha mfinyanzi, kisha ujenzi wa shule, barabara na mabomba ya majitaka ukakitoboa kifuniko hicho. Mwaka 1978 ikatangazwa hali ya dharura na familia zikahamishwa. Mradi wetu ulikuwa mdogo mno kulinganishwa na huo. Utaratibu ni uleule: watu walijua kilichokuwa chini, na aliyeendesha mashine hakuambiwa.

Kushindwa kwa pili kulikuwa kwa gridi yenyewe. Vitalu vya mita 10 kwa 10 vilitosha kwa kifusi, lakini vilikosa bomba kuukuu lililotoka kwenye matangi kwenda mahali zilipokuwa pampu. Mtaro wa bomba hilo ulikuwa umejazwa mchanga, na mafuta yalikuwa yamesafiri ndani ya mchanga huo mita nyingi katikati ya mfinyanzi ambao sampuli zake zilikuwa safi. Dereva ndiye aliyeona mstari wa kijivu ukikatiza kitalu ambacho ramani ilikionyesha kwa kijani, yaani safi, akasimama. Gridi hugundua uchafu uliotapakaa. Uchafu unaofuata njia unahitaji mashimo yafuate njia hiyo. Tangu hapo vitalu vilivyopakana na bomba viliongezewa mashimo ya kuukata mtaro wake.

Cha tatu kilikuwa kwenye kufunga risasi. Mkandarasi wa tiba alianza kwa kuongeza saruji nyingi kwenye udongo wa majivu, akitumaini kwamba saruji zaidi ni usalama zaidi. Kipimo cha mvujo kilitoka kibaya kuliko mwanzo. Risasi huyeyuka kwenye asidi kali, na huyeyuka tena kwenye ualkali mkali. Saruji ilikuwa imepandisha pH, yaani kipimo cha asidi na ualkali, kupita 12. Walipopunguza saruji na kuongeza fosfeti, ambayo huungana na risasi na kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, mvujo ulishuka chini ya kikomo. Majaribio madogo ya maabara yangeonyesha hilo kabla ya kuchanganya shehena nzima.

Jambo jingine lililoleta ugomvi ni viwango vya kulinganishia. Timu moja ilitumia jedwali la zamani la risasi kwa maeneo ya makazi. Viwango hivi husogea: Januari 2024 shirika la mazingira la Marekani lilishusha mwongozo wake wa risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Ripoti inayotaja "ndani ya kiwango" bila kusema kiwango cha nani, cha mwaka gani na kwa matumizi gani ya ardhi haiwezi kukaguliwa na mtu mwingine.

Mwisho ni vipimo vya malipo. Uchimbaji ulilipwa kwa mita za ujazo kama zilivyo ardhini, dampo lilitoza kwa tani kwenye mizani, na wasafirishaji walihesabu malori. Mfinyanzi ukichimbwa huvimba kwa robo au zaidi, na ukinyeshewa huongezeka uzito bila kuongezeka uchafu. Makadirio ya kwanza ya gharama yalichukua ujazo wa ardhini na kuuzidisha kwa bei ya lori, yakatoka pungufu. Mkataba wa nyongeza ulirekebisha hilo: kuchimba kulipwe kwa ujazo wa ardhini kwa kila daraja la udongo, kuondosha kulipwe kwa tani ya mizani, na kila lori liwe na hati yenye namba ya kitalu lilikotoka, daraja lake, saa ya kuondoka na sahihi ya mpokeaji. Hati isiyorudi ikiwa na sahihi ya mpokeaji ilizuia malipo ya safari hiyo.